Kwizi za Kiungo: Maswali Manne, Majibu Manne, na Siri Moja Imejificha Katikati

Kabla tuongee sana, jaribu hii. Weka simu kando, usiulize Google. Maswali ni manne tu.

Moja: Hollywood iko jimbo gani la Marekani?

Mbili: Kwa Biblia, kuta za mji gani zilianguka baada ya watu kupiga tarumbeta na kelele?

Tatu: Bob Dylan, yule mwanamuziki alipewa Nobel ya Fasihi mwaka wa 2016, alizaliwa na jina gani la ukoo?

Nne: Kati ya 1967 na 1970, sehemu ya mashariki ya Nigeria ilijitangaza kuwa nchi. Iliitwaje?

Umeshika ngapi? Mbili? Hiyo ni poa, mbili zinatosha kuanza. Juu swali lenyewe hata hujaulizwa bado. Swali lenyewe ni hili: hayo majibu manne yanaunganishwa na nini?

Chukua dakika yako. Mimi nangoja.

Haya. Majibu ni California, Jericho, Zimmerman na Biafra. Na kama umewahi kupanda mat Nairobi hata mara moja, sai umeshika kichwa. Hiyo ni mitaa. California na Biafra ziko pande za Eastleigh, Jericho iko Makadara, Zimmerman iko juu huko ukitoka Thika Road. Hakuna mtu aliuliza kitu kuhusu Nairobi, na bado jibu lilikuwa Nairobi.

Hiyo msee ndio inaitwa kwizi ya kiungo. Unaulizwa maswali ya kawaida ya maarifa, kila moja na jibu lake, lakini majibu yote yana kitu kimoja yanashare chini ya meza, na hicho ndicho wanakitafuta. Mara nyingi kila jibu ni pointi moja, halafu kiungo chenyewe kina pointi kadhaa za ziada. Kwa hivyo timu inaweza kukosa swali moja au mawili na bado iondoke na raundi.

Ujanja wake ni kwamba barabara inaenda pande mbili. Unaweza kutoka kwa majibu ukafika kwa kiungo, kama tumefanya hapo juu. Ama unaweza kushika kiungo mapema, halafu urudi nyuma ukatafute jibu hukuwa unajua. Hii ya pili ndio watu wengi hawaijui, na ndio ilinifanya nipende huu mchezo. Wacha niwaambie ilikuwa aje.

Mimi sikumaliza kolo. Nilifika mwaka wa pili wa diploma ya uhasibu, karo ikakataa kutosha, nikatoka na sijarudi. Si siri, lakini pia si kitu napenda kuongelea nikiwa na mabeste wangu wa zamani, juu wengi wao walimaliza. Mmoja ni wakili sai. Mwingine anajenga barabara. Siku moja wakaniita kwa baa fulani hapa Nairobi, ilikuwa usiku wa maswali, timu ya watu watano, na walikuwa wanne. Nikaenda nikijua mimi ni spea tairi.

Raundi tatu za kwanza sikusema kitu. Miji mikuu, kemia, vita vya nani na nani. Wakili alikuwa anaandika tu majibu bila kuangalia mtu. Nilikuwa nakunywa soda polepole ndio isiishe, nisije nikabaki na mikono mitupu nikiwa nimekaa kimya.

Halafu ikaja raundi ya kiungo, na maswali yalifanana sana na haya nimekuuliza. Wakajua California, wakajua Jericho. Mhandisi ni shabiki wa muziki wa kitambo kwa hivyo Zimmerman alikuwa nayo. Ile ya Nigeria ikatukwamisha wote. Wakili alikumbuka kulikuwa na vita, alikumbuka hata jina la Ojukwu aliyekuwa kiongozi, lakini jina la nchi lilikuwa limemkimbia. Wote wanne wanaangalia dari.

Mimi nilikuwa naangalia karatasi. California, Jericho, Zimmerman. Jo, hizo ni stage. Hayo ni majina makanga hupigia watu kelele asubuhi. Nikajiuliza, ni mtaa gani uko na jina linakaa la Afrika Magharibi? Na nikakumbuka nikiwa mdogo mathe alikuwa na rafiki yake tulikuwa tunamtembelea pande za Eastleigh, na tulikuwa tunashuka mahali panaitwa Biafra. Sikujua Biafra iliwahi kuwa nchi. Kwangu mimi Biafra ilikuwa mahali pa kushuka tukienda kwa huyo mama, basi. Nikasema polepole, "Si ni Biafra?"

Wakili akanigeukia akapiga meza.

Hatukushinda siku hiyo, tulikuwa wa pili, na zawadi ya wa pili ilikuwa makofi. Lakini nilienda keja nikasoma kuhusu hiyo vita hadi saa nane usiku. Nilikuwa nimetaja jina la nchi nikifikiri nataja stage, na nchi yenyewe ilikuwa imekufa miaka mingi kabla nizaliwe.

Ndio maana nasema kwizi ya kiungo si kama zile zingine. Kwizi ya kawaida inakuuliza umesoma nini. Hii inakuuliza pia umeona nini, umeishi wapi, na unaweza kugeuza neno ukaliangalia kutoka upande wa nyuma. Nikiwa mtoto tulikuwa tunaangalia ile Celtel Africa Challenge, baadaye ikaitwa Zain, John Sibi-Okumu akiwauliza wanafunzi wa vyuo vikuu maswali kwa tivii. Nilikuwa naona wale ni watu wa sayari ingine. Unajua ama hujui, hakuna njia ya katikati. Kwa kiungo njia ya katikati iko, na inapitika.

Na usifikirie hii ni kitu imeletwa na wazungu peke yao. Sisi tumekuwa na vitendawili tangu zamani. Mtu anasema "Kitendawili!" mnajibu "Tega!" halafu anakuambia nyumba yake haina mlango, na wewe unafaa kuona yai. Ni akili ileile: unapewa kitu kimoja ili uone kingine. Ukishindwa, unaambiwa utoe mji. Unampa Mombasa, ama Lamu, ama Nakuru, anaichukua, anasherehekea huko kidogo kwa maneno, halafu ndio anakuambia jibu. Kushindwa kulikuwa na bei, na bei ilikuwa mji mzima. Hizi pointi za baa ni bei rahisi sana.

Lakini kama gemu ya kisasa, wenye wameipeleka mbali zaidi ni Waingereza. Kuna kipindi cha BBC kinaitwa Only Connect, kilianza 2008 kwa BBC Four, kikahamia BBC Two 2014. Mtangazaji ni Victoria Coren Mitchell, ambaye pia ni mchezaji mkali wa poka. Timu mbili za watu watatu watatu. Raundi ya kwanza wanakupa vidokezo hadi vinne, kimoja baada ya kingine, na unafaa kusema vinaunganishwa na nini. Ukijibu na kidokezo kimoja tu unapata pointi 5. Viwili ni 3, vitatu ni 2, vyote vinne ni 1. Kwa hivyo kila ukingoja uhakika zaidi unalipa. Ni kama kungoja mat ishushe fare saa ya mvua: unaeza kubaki stage.

Raundi ya pili ni ya mfuatano. Unaonyeshwa vitu vitatu na unafaa kusema cha nne ni gani, hata kabla ya kuelezea kwa nini. Hapo ndipo watu huteseka. Jaribu hii yangu: Twiga, Kifaru, Simba... cha nne ni?

Kama umesema Chui ama Nyati juu unafikiria wale wanyama wakubwa watano, umeteleza. Twiga hayuko kwa hao watano. Toa sarafu kwa mfuko. Shilingi moja ina twiga, tano ina kifaru, kumi ina simba. Ishirini ina ndovu. Jibu ni Ndovu, na huwezi kubadilisha mpangilio, juu ni 1, 5, 10, 20.

Hiyo ya sarafu naipenda sana kwa sababu ina hadithi ndani yake. Hizo sarafu zilizinduliwa Desemba 2018. Kabla ya hapo tulikuwa na sura za marais kwa pesa, Kenyatta, Moi, halafu Kenyatta tena. Katiba ya 2010 ikasema hapana, noti na sarafu zisiwe na picha ya mtu yeyote. Ndio wanyama wakapata kazi. Na unaeza kuuliza kiungo hicho hicho bila kutaja mnyama hata mmoja kwa swali. Ahmed wa Marsabit, aliyepewa ulinzi kwa amri ya Rais Kenyatta 1970, alikuwa mnyama gani? Ndovu. Sudan, aliyekufa Ol Pejeta Machi 2018, wa mwisho wa kiume wa aina yake? Kifaru mweupe wa kaskazini. Wale wawili waliokuwa wanakula wafanyakazi wa reli Tsavo 1898? Simba, na sai wako Chicago kwa makumbusho, wamejazwa. Halafu umalizie na mnyama mrefu kuliko wote duniani, swali la darasa la pili, ili hata yule msee amelala kwa meza apate kitu.

Unaona venye inafanya kazi? Maswali manne tofauti, historia, uhifadhi, reli, biolojia, halafu mwisho wake siri ilikuwa mfukoni mwako wakati wote. Hiyo hisia ya "aii, na nilikuwa nayo!" ndio watu hurudi kuitafuta.

Raundi ya tatu ya Only Connect ndio maarufu zaidi: ukuta. Maneno 16 yamechanganywa, unayapanga kwa makundi manne ya maneno manne, na uko na dakika mbili na nusu. Shida ni kwamba kuna maneno yanaingia makundi mawili ama matatu, na yamewekwa hapo makusudi kukupoteza. Kama umewahi kucheza Connections ya New York Times kwa simu, hiyo ni akili ileile. Connections ilianza Juni 2023, mhariri wake ni Wyna Liu, na rangi zake unazijua: manjano ni rahisi, kijani inakaza kidogo, bluu inauma, zambarau ni matusi. Unaruhusiwa makosa matatu, la nne linakutoa. Ilipotoka, Victoria Coren Mitchell mwenyewe alisema mtandaoni kwamba hii kitu inafanana sana na ukuta wao. Mimi simo kwa hiyo kesi.

Lakini wacha niseme kitu kuhusu Connections, juu najua wengi wenu mnaicheza kila asubuhi kwa mat na mnaona kama nyinyi ni wajinga. Wewe si mjinga. Nusu ya yale makundi ni vitu vya Marekani: majina ya nafaka za kiamsha kinywa, timu za mpira wa vikapu za chuo, vipindi vya tivii vya 1985. Kiungo hufanya kazi tu kama mtungaji na mchezaji wamekula sahani moja. Peleka ile yangu ya California na Biafra pale London uone. Maprofesa watakaa hapo hadi asubuhi. Makanga wa Eastleigh atamaliza kabla gari lijae.

Hapo ndipo naona kuna nafasi kubwa, na hatujaichukua vizuri. Kiswahili chenyewe kimejaa viungo. Cheki hii. Tivii zetu huonyesha nini saa moja jioni na saa tatu usiku? Habari. Bunge hutunga nini? Sheria. KDF ni nini kwa neno moja la Kiswahili? Jeshi. Na wale wazee wa Jeevanjee hukaa pale bustanini kubishana kuhusu nini? Siasa. Habari, sheria, jeshi, siasa. Kiungo?

Ni mwana. Mwanahabari, mwanasheria, mwanajeshi, mwanasiasa. Neno moja linajibandika mbele ya yote kama gundi. Saikolojia inaijua hii aina: mwaka wa 1962 Mmarekani anaitwa Sarnoff Mednick alitoa mtihani ambapo unapewa maneno matatu na unatafuta la nne linaloingia kwa yote. Alikuwa anapima ubunifu, venye akili ya mtu inaruka kutoka kitu kimoja hadi kingine kilicho mbali. Hakuwa anajali kama umefaulu mtihani wa taifa.

Kuna aina ya uchokozi zaidi, ya kuangalia herufi badala ya maana. Kakamega, Kisumu, Bungoma, Kwale. Ukisema kaunti uko sahihi lakini sijakuuliza hiyo, kaunti ni 47. Kwa nini hizo nne? Angalia ndani ya majina. Kakamega ina kaka. Kisumu ina sumu. Bungoma ina ngoma. Kwale ina wale. Ukishaona hii mara moja utaharibikiwa, utakuwa unasoma mabango ya barabarani ukitafuta maneno yamejificha. Mimi nimefika mahali siwezi kupita Machakos bila kusema chako.

Sasa, ukiwa kwa meza na raundi ya kiungo imefika, fanya hivi. Kwanza usishikane na swali gumu. Jibu rahisi mbili, yaandike makubwa katikati ya karatasi mahali kila mtu anayaona, halafu timu iache kufikiria maswali ianze kufikiria majibu. Haya ni mambo mawili tofauti na watu huyachanganya. Wakili wangu alikuwa anafikiria Nigeria. Nigeria haikuwa na msaada wowote.

Pili, jibu ambalo linakaa halifai, hilo ndilo la maana zaidi. Kama una Simba, Ndovu, Kifaru halafu kuna Zimmerman, tupa wanyama wote kwanza. Zimmerman ni la ajabu zaidi na kwa hivyo linaweza kuingia kwa vitu vichache zaidi. Anza na lile lenye milango michache. Na sema neno kwa sauti, hata kama unaona aibu. Kuna viungo sikio linashika kabla ya jicho, haswa hizi za gundi kama mwana.

Na usiogope kusema kitu cha mtaani. Watu hufikiria kwizi ni ya vitu vya vitabu, kwa hivyo wanameza majibu mazuri kwa kuona ni ya chini sana. Aki nyinyi. Semeni.

Kutunga ndio kazi. Hapo nimechomeka vibaya, na wacha niwaambie ndio msichomeke pia. Baada ya zile soda na aibu zangu, nilianza kutungia maswali mabeste, halafu nikaombwa niendeshe raundi moja kwa sherehe fulani ya mtaa. Zawadi ilikuwa ngiri tatu, si pesa ya kucheza nayo. Nikauliza: Mji gani ulipewa hadhi ya jiji Desemba 2021? Mifupa ya kijana wa zamani sana iliyopatikana kaskazini mwa Kenya 1984 inaitwa Mvulana wa wapi? Rais Moi alikuwa mbunge wa wapi Kati?

Nakuru, Turkana, Baringo. Kiungo changu: maziwa. Nilikuwa najisikia mwerevu sana.

Timu ya kwanza ikaandika maziwa. Timu ya pili ikaandika kaunti.

Maze. Nakuru ni kaunti. Turkana ni kaunti. Baringo ni kaunti. Nilisimama pale na kipaza sauti nikiona nyota. Timu ya kwanza wanasema karatasi ya majibu inasema maziwa. Timu ya pili wanauliza kwani Baringo imefutwa kwa Katiba? Na walikuwa sahihi wote, hiyo ndio ilikuwa mbaya. Jamaa mmoja mkubwa akaanza kuvua saa. Niligawa ngiri tatu nusu kwa nusu, hakuna aliyetosheka, nikaishia kuongezea kila timu soo tano kutoka kwa mfuko wangu ndio nitoke hapo nikitembea.

Kitu nilikosa ni swali moja tu. Ningeongeza Naivasha, mlango wa kaunti ungefungwa, juu Naivasha ni ziwa na ni mji lakini si kaunti. Jibu moja zaidi, ngiri moja ingebaki kwangu. Kwa hivyo ukitunga, usiulize tu kama kiungo chako ni cha kweli. Uliza kama kuna kingine cha kweli pia. Mpe mtu mmoja mbishi ajaribu kukivunja kabla ya siku yenyewe. Kila mtu ana beste mbishi.

La pili, usifanye majibu yote yawe magumu. Kiungo kizuri kina swali moja la mtoto, mawili ya kawaida, na moja la kuuma. Lile la kuuma ndilo watu watalifikia kwa kurudi nyuma kutoka kwa kiungo. Ukiweka manne ya kuuma, hakuna mahali pa kuingilia, na meza yote itakuchukia. Na kiungo kiwe kitu watu wamekigusa. Mawaziri wa 1974 si kiungo, ni mtihani.

Sasa kabla niwaachilie, huu hapa ukuta wa kwetu. Maneno 16, makundi manne, kila kundi maneno manne. Makosa matatu nawaruhusu, la nne unanipa mji.

Simba, Mbao, Soweto, Chui.

Yanga, Ngiri, Nyati, Pangani.

Finje, Jerusalem, Kifaru, Namungo.

Azam, Ndovu, Umoja, Soo.

Kidokezo kimoja: hesabu wanyama. Wako sita, na kundi linataka wanne. Kuna wawili wana kazi kwingine.

Umemaliza?

Ngiri anaenda kwa pesa: Mbao, Finje, Soo, Ngiri, yaani 20, 50, 100 na 1000 kwa Sheng. Simba anavuka mpaka kuenda Tanzania kucheza mpira na Yanga, Azam na Namungo. Soweto, Pangani, Jerusalem na Umoja ni mitaa ya Nairobi. Wanabaki Chui, Nyati, Kifaru na Ndovu, wakubwa watano wakimngoja mwenzao arudi kutoka Dar.

Kama Simba ulimweka na hao, nachukua Mombasa.